Mbona fomu ya babu inaitwa "Casualty" na yeye alirudi mzima?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Babu mzaa baba alikuwa Keya (King's African Rifles, KAR), Bataliani ya 36, akapelekwa Burma wakati wa vita vya Hitla. Alirudi 1946, akaoa, akapanda mikorosho yake, na mimi nimemkuta. Shangazi ndiye aliyetunza karatasi zake. Ile kubwa kuliko zote imeandikwa juu "Casualty Form – Active Service". Ninavyojua mimi, casualty ni mtu aliyekufa au kuumia vibaya. Sasa babu imekuwaje? Ndani kumejaa vifupisho: PUO, NYD, GSW, TOS, na SOS mara tatu. Shangazi alipoiona hiyo SOS alilia, akasema kumbe baba alikuwa anaomba msaada na hakuwahi kutuambia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Babu aliondoka na mdogo wake, na huyo hakurudi. Kuna barua inayosema alikuwa "Missing" mwishoni mwa Oktoba 1944. Nyingine, ya katikati ya 1945, inasema "Presumed killed in action". Nimemtafuta kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola nikamkuta, ila pameandikwa amekufa tu, tarehe, na kwamba jina lake liko Rangoon Memorial. Hapa kijijini wapo wazee ambao miaka yote wanasema alitoroka, akaoa huko huko. Naomba kujua: alipotea, aliuawa, alikufa, au alitoroka? Msomaji, Masasi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na shangazi, maana yeye ndiye aliyelia. SOS kwenye karatasi za jeshi la Mwingereza ni "struck off strength", yaani amefutwa kwenye hesabu ya kikosi. TOS ni pacha wake, "taken on strength", ameingizwa kwenye hesabu. Babu yako akilazwa hospitali ya mbali, kombania yake inamfuta ili iweze kuomba askari mwingine wa kuziba nafasi, na ili mgao wa chakula usiendelee kuletwa kwa mtu ambaye hayupo. Akipona, anaingizwa tena, pengine kombania ile ile, pengine kwingine. Hesabu SOS zake na TOS zake. Kila SOS inatakiwa kuwa na TOS inayoifuata, isipokuwa ya mwisho kabisa, ambayo kwa mtu aliyerudi 1946 itakuwa ni ile ya kuachishwa jeshi. Mwambie shangazi hakuna aliyekuwa anapiga kelele za kuomba msaada. Ni karani na kalamu yake.

Sasa hilo neno lililo juu ya fomu. Siku hizi mtu akisikia "casualty" kwenye redio anaelewa maiti na majeruhi. Kwa karani wa jeshi la wakati ule neno lilikuwa pana zaidi: jambo lolote linalobadilisha hali ya askari kwenye vitabu. Kuhamishwa, kupandishwa cheo, kuvuliwa cheo, kwenda likizo, kulazwa, kutoka hospitali, kujeruhiwa, kufa, yote yaliingia katika fomu hiyo moja. Ilifunguliwa kwa kila askari aliyekwenda vitani, akiwemo mpishi na fundi cherehani wa bataliani. Kwa hiyo kichwa cha fomu hakikuambii chochote kuhusu babu isipokuwa kwamba alikwenda. Nimeona familia zaidi ya moja ambazo zimeandika kwenye historia ya ukoo "babu alikuwa majeruhi" kwa sababu ya kichwa hicho tu, na ndani ya fomu mtu huyo hana hata malaria.

Babu yako yeye ana mambo ndani, ila lazima uisome fomu kwa mpangilio wake, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Angalia picha uliyonitumia. Kushoto kabisa kuna safu mbili ndogo chini ya neno "Report": tarehe, na aliyeleta taarifa. Katikati kuna safu pana ya maelezo. Kulia kuna safu ya mahali, kisha safu nyingine ya tarehe. Tarehe ni mbili, na hazilingani. Ya kushoto ni siku ambayo taarifa iliandikwa au kupokelewa. Ya kulia ndiyo siku jambo lenyewe lilipotokea. Mstari ule wa GSW unasomeka kushoto 21.11.44, kulia 13.11.44. Babu yako alijeruhiwa tarehe 13 Novemba 1944. Zile siku za katikati ni safari ya karatasi kutoka hospitali ya uwanjani hadi kwenye ofisi ya kumbukumbu. Mahali pameandikwa "Field". Usiitafute Field kwenye ramani ya Burma. Maana yake ni uwanja wa vita tu, kwa sababu jina halisi la mahali lilikuwa siri.

GSW ni "gunshot wound", na "L. thigh" ni paja la kushoto. Hapa nakuomba uwe mwangalifu: madaktari wa jeshi waliandika GSW kwa jeraha la risasi, na mara nyingi pia kwa jeraha la kipande cha bomu la mota, cha guruneti au cha mzinga. Kwa hiyo ukiandika "babu alipigwa risasi ya Mjapani" unaweza kuwa umesema zaidi ya karatasi. Andika alijeruhiwa paja la kushoto kwa silaha ya moto, inatosha. Kama kuna mtu kwenye familia anakumbuka kovu lilivyokuwa, tundu dogo au mchano mpana, hilo litakusaidia kuliko fomu.

PUO ni homa ambayo chanzo chake bado hakijajulikana. Katika Bonde la Kabaw, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka wakati wa masika ya 1944 ikiwafuata Wajapani waliokuwa wanarudi nyuma, PUO ilikuwa kama jina la kati la kila askari. Bonde lile lilikuwa na malaria kali, na homa ya utitiri wa vichakani (scrub typhus) iliyoua watu wengi, na askari walikuwa wanameza vidonge vya mepacrine kila siku hadi ngozi inageuka njano. Mtu alifika hospitali anatetemeka, daktari hana darubini karibu, anaandika PUO na kumlaza. Baada ya siku kadhaa utaona mstari mwingine unasema BT au MT. Hizo ni aina mbili za malaria, ile nyepesi na ile inayoua. MT hiyo hiyo ikiwa mbele ya jina la kikosi au kwenye mstari wa mafunzo ni usafiri wa magari, kwa hiyo kabla ya kuamua kwamba babu alikuwa dereva, tazama kama mstari unaanza na "Adm.", yaani amelazwa.

NYD ni "bado haijatambuliwa ni ugonjwa gani". Ikiwa peke yake haina siri. Ikiwa na N kwenye mabano mbele yake, inahusu akili na mishipa ya fahamu: mtu aliyezidiwa na vita hadi mwili ukakataa. Ya babu yako haina N. Nataja kwa ajili ya wasomaji wengine watakaoikuta, na niseme kabisa kwamba si kifupisho cha kufichwa kwenye ukoo. Waliokipata ni watu waliokaa mbele muda mrefu.

Kabla sijafika kwa mdogo wake, nieleze maneno ya kifo, kwa sababu barua zako zinatumia baadhi yake na kila moja lina mpaka wake. KIA, "killed in action", ni aliyeuawa katika mapigano. DOW, "died of wounds", ni aliyekufa kwa majeraha. Tofauti yake haiko kwenye ukubwa wa jeraha. Iko kwenye kituo cha tiba. Askari akipigwa saa mbili asubuhi, akabebwa kwenye machela, akakata roho njiani kabla hajafika kwa mganga wa bataliani, anaandikwa KIA. Mwenzake aliyepigwa kwa bomu lile lile, akafikishwa akiwa hai na kufa jioni, anaandikwa DOW. Watu wa familia husoma "killed in action" wakafarijika kwamba hakuteseka. Neno lenyewe halisemi hivyo.

"Died" peke yake, bila nyongeza, kwenye karatasi za jeshi ni kifo kisichotokana na adui: ugonjwa, ajali ya lori, kuzama mtoni, radi. Kwa vita vya Mjerumani, yaani ile ya 1914 hadi 1918, hili ndilo neno lililomeza watu wengi zaidi Afrika Mashariki. Keya walianza vita ile wakiwa askari wasiozidi 2,500 na kumaliza wakiwa zaidi ya 35,000, na hesabu inayotajwa kwa kawaida ni waliouawa na kujeruhiwa 5,117, pamoja na wengine 3,039 waliokufa kwa maradhi. Tazama namba hizo mbili vizuri. Mara kwa mara naona mtu anaandika "Keya 5,117 walikufa". Hapana. Ile 5,117 imechanganya waliokufa na waliojeruhiwa, na mtu aliyejeruhiwa mara mbili anaweza kuhesabiwa mara mbili, kwa sababu kinachohesabiwa ni tukio. Ile 3,039 ndiyo vifo vitupu. Na wapagazi hawamo kabisa katika hesabu hiyo. Wao walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara damu, kichomi, njaa na malaria, na karibu wote kama waliandikwa popote basi waliandikwa kwa neno hilo hilo dogo.

Lakini angalia mtego: kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi, kila mtu "amekufa". Aliyeuawa mbele ya bunduki, aliyekufa kwa majeraha, aliyeugua na aliyezama, wote wana maneno yale yale na tarehe, kwa sababu Tume inatunza kumbukumbu ya mtu na mahali anapokumbukwa, na kwa kawaida haitaji sababu. Kwa hiyo "Died" ya tovuti haipingani na "killed" ya barua. Ni vitabu viwili vya ofisi mbili.

Turudi kwa mdogo wake babu.

Neno "Missing" huzaliwa hivi. Mapigano yametulia, au doria imerudi. Kamanda wa platuni anaita majina. Wanaoitika wapo. Waliopelekwa nyuma wakiwa majeruhi wana mtu aliyewaona wakipelekwa. Waliokufa wana mtu aliyeona maiti, na mara nyingi aliyechukua kitambulisho cha shingoni. Anabaki mtu mmoja au wawili ambao hakuna anayeweza kuapa lolote juu yao. Hao ndio "missing". Karani haruhusiwi kubuni. Hata kama platuni nzima inaamini jamaa amekufa, bila shahidi anaandikwa hivyo. Na fikiria mahali penyewe: msitu mnene na nyasi ndefu kuliko mtu, mvua isiyokatika, njia za matope, vijito vilivyofurika kuelekea Mto Chindwin, mapigano ya umbali wa hatua chache ambapo upande mmoja haujui mwingine ulipo. Mtu kuanguka hatua kumi pembeni ya njia asionekane tena haikuwa ajabu.

Kuna ngazi moja katikati ambayo barua yako haina, lakini wasomaji wengine wataikuta: "missing, believed killed". Hilo "believed" lina uzito. Kuna mtu aliona kitu, labda aliona bomu likianguka kwenye handaki lile, ila hakuweza kufika kuthibitisha. Kwa mdogo wake babu hakuna neno hilo, na maana yake ni kwamba hakuna aliyemwona dakika ya mwisho.

Baada ya hapo jeshi linatafuta kwa karatasi. Hospitali zinaulizwa, kwa sababu majeruhi aliyezimia angeweza kuokotwa na kikosi kingine cha Wahindi au Waingereza akalazwa bila jina. Wenzake wanaohojiwa ni wale waliorudi. Majina ya mateka yanasubiriwa kupitia Msalaba Mwekundu, ingawa Wajapani walikuwa wazito sana kutoa majina, na mengi hayakutolewa kabisa. Kwa kawaida muda wa kusubiri ulikuwa miezi sita au zaidi. Muda ukiisha bila habari, ofisi inaamua kumhesabu kuwa amekufa. Ndiyo "presumed": amedhaniwa amekufa, kwa shughuli za kiofisi. Barua zako mbili, moja ya Oktoba 1944 na moja ya katikati ya 1945, zimepishana kwa muda unaotarajiwa hasa. Hakuna kilichogunduliwa katikati. Kilichobadilika ni kalenda.

Na uamuzi huo ulikuwa na kazi. Mtu akiwa "missing" hajafa kisheria. Fedha zake haziwezi kugawanywa kama za marehemu, mjane hajawa mjane. "Presumed" ndiyo iliyofungua mafaili ya malipo. Ulizia nyumbani kama wazazi wao walipata kuitwa bomani kwa Bwana Shauri (mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni) mwaka 1945 au 1946 kupokea fedha. Kama yupo anayekumbuka kisa hicho, umepata ushahidi mwingine kutoka upande wa pili wa karatasi.

Kuhusu tarehe iliyoko kwenye tovuti: kwa mtu aliyepotea, mara nyingi tarehe ya kifo ni ile siku alipoonekana kukosekana, au kipindi, "kati ya siku hii na siku hii". Usiishike kama tarehe ya kufa. Ni tarehe ya mwisho ambayo jeshi lilikuwa na uhakika naye.

Sasa la kutoroka. Jeshi lile lilikuwa na maneno yake kwa mtoro, na halikuona haya kuyatumia. Askari asiyeonekana bila ruhusa anaandikwa "absent". Zikipita siku 21, sheria ya jeshi ilitaka baraza la uchunguzi likae, lithibitishe kwamba hayupo bila ruhusa, na lihesabu hata vifaa vilivyopungua: blanketi, bunduki, viatu. Tamko lake linaingia kwenye kumbukumbu ya askari, mshahara unakatwa, na kuanzia hapo anatafutwa kama "deserter". Mtu aliyepita njia hiyo hawezi kuibuka katikati ya 1945 akiwa "presumed killed in action", wala jina lake halichongwi kwenye mnara. Ni reli mbili tofauti na hazikutani. Mdogo wake babu aliwekwa kwenye reli ya waliokufa toka siku ya kwanza, na watu waliomweka huko ni maofisa wake na askari wa platuni yake, waliokuwa na kila sababu ya kulalamika kama aliwaacha kwenye mapigano.

Nikikupa maoni yangu mimi, hadithi ya kuoa huko siiamini. Askari mweusi wa Keya kwenye Bonde la Kabaw, Oktoba 1944, mbele yake kuna Wajapani, nyuma yake kuna barabara moja ya matope yenye malori ya jeshi na polisi wa jeshi, na vijiji vingi vya pale watu walishakimbia vita. Angejificha wapi? Hadithi za aina hii nimezisikia Masasi, nimezisikia Kitui, nimezisikia Gulu, na naelewa zinatoka wapi. Barua ilikuja kwa Kiingereza, akaisoma karani au mwalimu wa misheni, akasema "amepotea". Kwa mtu wa nyumbani, mtu mzima hapotei kama mbuzi, akipotea, ameamua. Siwezi kukuapia kwamba haiwezekani kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeona. Lakini karatasi zote ulizonazo zinaelekea upande mmoja, na hadithi ya kijijini haina karatasi hata moja.

Jina lake kuwa kwenye Rangoon Memorial nako kunasema jambo. Mnara huo uko ndani ya makaburi ya vita ya Taukkyan, nje ya jiji la Yangon (ndilo Rangoon la zamani), na una majina ya karibu askari 27,000 wa nchi kavu waliokufa Burma ambao kaburi lao halijulikani. Askari aliyezikwa akatambuliwa anakuwa na jiwe lake, Taukkyan penyewe au Imphal au kwingine. Aliyeandikwa ukutani ni yule ambaye mwili haukupatikana, au ulipatikana bila jina. Inawezekana kabisa amelala chini ya mojawapo ya mawe yasiyo na jina.

Linganisha na kisa kingine cha "missing" ambacho familia nyingi za Kenya, Uganda na Tanganyika zinacho bila kukijua. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldives ikazama kwa dakika chache mno. Ndani kulikuwa na watu 1,511, na 996 kati yao ni wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6. Pale waliookolewa walihesabiwa, na waliobaki wote, watu 1,297, hawakuwa na mahali pengine pa kutafutwa isipokuwa baharini. Ukiona kwenye karatasi ya babu wa mtu tarehe hiyo na kikosi cha mizinga, na neno "missing", usisubiri nikueleze ni nini kilitokea. Neno ni lile lile kama la mdogo wake babu yako, na uhakika ni tofauti kama mbingu na ardhi. Ndiyo maana nasema kila mara: soma neno pamoja na tarehe na kikosi.

Kwa wale ambao babu zao ni wa vita vya Mjerumani, niseme kwa kifupi. Waliokuwa upande wa Wajerumani watakuta "gefallen" kwa aliyeuawa, "verwundet" kwa aliyejeruhiwa na "vermisst" kwa aliyepotea, kama jina limeandikwa popote. Wapagazi wa pande zote mara nyingi hawana hata hilo. Ripoti ya Tume ya Makaburi yenyewe, iliyotoka Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo ukitafuta jina la babu mpagazi ukalikosa, hujathibitisha kwamba alirudi wala kwamba hakufa. Umethibitisha tu kwamba hakuna aliyeandika.

Wewe una bahati, una namba. Namba ya jeshi ndiyo ya kutafutia. Majina yaliandikwa na makarani waliosikia wanavyosikia, Saidi akawa Saide, Mchopa akawa Machopa, na jina la baba likageuka la ukoo. Linganisha namba iliyo kwenye barua ya "Missing" na ile ya tovuti, tarakimu kwa tarakimu pamoja na herufi za mbele. Zikilingana, ni yeye, hata kama jina limepinda. Tume hupokea maombi ya kurekebisha majina ukiwatumia nakala ya karatasi, na barua yako ni karatasi nzuri.

Hatua inayofuata ni shajara ya vita ya bataliani. Kila bataliani iliandika siku kwa siku, na za Burma ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, mfululizo wa WO 172. Tafuta Bataliani ya 36 ya KAR, mwaka 1944, uombe nakala ya Oktoba na Novemba, ukipenda hadi Desemba ili umalize habari za babu mwenyewe. Usitarajie kuona jina la mdogo wake. Maofisa Wazungu hutajwa kwa majina, askari huhesabiwa. Utakuta kitu kama "2 AOR missing", na AOR ni askari Mwafrika asiye ofisa. Lakini tarehe ikikubaliana na ya barua, utajua kombania ipi ilikuwa wapi asubuhi ile, ilikuwa doria au shambulio, ilivuka mto gani, na wangapi hawakuitika jina. Soma pia siku tano au sita zinazofuata, kwa sababu mara nyingine kikosi kilirudi mahali pale na kukuta miili, na mstari huo mmoja ndio unaoeleza yote.

Kama familia inataka kuandika jambo kwenye kitabu cha ukoo au kumsomea hitima sasa, msingoje Kew. Andikeni: alipotea vitani, Burma, mwishoni mwa Oktoba 1944; jeshi lilimhesabu kuwa ameuawa vitani mwaka 1945; jina lake liko Rangoon Memorial. Kila neno hapo lina karatasi nyuma yake.

Na unitumie picha ya upande wa nyuma wa fomu ya babu. Umenipigia wa mbele tu, na mstari wa mwisho chini kulia unaishia katikati ya sentensi.